Kumkumbuka Askari wa Zimamoto

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi



Tumepewa heshima ya kusema maneno machache mbele yenu, nasi tumechagua kumkumbuka mtu ambaye hakuwa wa visiwa hivi, wala wa dini yetu, wala wa chama chetu. Jina lake ni John Horner. Alikuwa askari wa zimamoto katika mji wa London, khalafu akawa Katibu Mkuu wa chama cha wafanyakazi wa zimamoto wa Uingereza kwa muda wa miaka 25, tangu 1939 mpaka 1964. Alifariki dunia mwaka 1997, naye ni mzee wa miaka 85.

Huenda akatokea wa kutuuliza: je, hatuna wafu wetu wa kuwakumbuka? Tunao, na Mwenyezi Mungu awarehemu. Lakini sisi wenye maduka hatuulizi karafuu imechumwa katika shamba la nani kabla ya kuitia katika mizani. Tunatazama uzito wake na ukavu wake. Na sera ya mtu huyu tumeipima, tukaiona ina uzito ambao utatufaa.

Horner alizaliwa mwaka 1911 katika Walthamstow, upande wa kaskazini-mashariki ya London. Ujanani mwake alisafiri baharini katika meli za biashara, na mwaka 1933 akaingia katika Zimamoto ya London. Zamani zile zimamoto ya mji ule ilipenda kuwachukua mabaharia, kwa kuwa baharia amekwisha zoea kupanda juu, kushika kamba na kutii amri. Na amri zilikuwa nyingi. Askari alikuwa kazini saa 72 kwa wiki, na pale pasipokuwa na moto, saa nyingi zilipita katika kusugua shaba na kupiga deki. Chama chao cha wafanyakazi kilikuwapo tangu 1918, lakini kilikuwa chama kidogo cha watu wachache. Mwaka 1939, mwaka ule ule vilipoanza Vita Vikuu vya Pili, wakamchagua Horner kuwa Katibu Mkuu. Alikuwa kijana wa miaka 27.

Hapa ndipo ilipomfikia mtihani wake wa kwanza, na kwa hakika ndio mkubwa kuliko yote.

Serikali ya Uingereza ilijua kwamba ndege zitakuja na kuitia miji moto, na kwamba zimamoto iliyokuwapo haitatosha. Kwa hiyo tangu mwaka 1938 ilikuwa ikiandikisha askari wa akiba. Walikuja makarani, madereva wa teksi, washoni, wachoraji, wauza duka kama sisi. Walikuja na wanawake, wakapewa kazi za simu na kuendesha magari. Mwanamume akilipwa pauni 3 kwa wiki, mwanamke pauni 2. Vita vilipoanza ikapita karibu mwaka mzima bila ya mji ule kushambuliwa, na watu wa mji wakaanza kuwadharau. Wakasema hawa ni watu waliokimbia kwenda jeshini, wanakula mshahara wa bure.

Na hao askari wa zamani nao hawakuwapenda. Waliona kuwa wageni hawa hawajui kazi, na wakachelea kwamba kwa kuwa wanalipwa kidogo, mwisho wake watashusha mishahara ya wote. Ndugu zetu, hofu ile haikuwa ya kipumbavu. Mwenye kuishi kwa mshahara wa wiki hana budi kumwogopa anayekuja kuifanya kazi ile ile kwa bei ya chini.

Horner naye alikuwa askari wa zamani. Lau angetaka kuwapendeza waliomchagua, angaliufunga mlango wa chama. Badala yake aliufungua, akawaita wale waliodharauliwa waingie, na wanawake pamoja nao. Hoja yake ilikuwa nyepesi: yule mgeni akibaki nje, waajiri watamtumia kukupiga wewe, akiingia ndani, dai lake litakuwa dai lako. Chama kilichokuwa na watu elfu chache tu kikawa na watu makumi ya maelfu.

Khalafu moto ukaja. Siku ya tarehe 7 Septemba 1940, jioni, ndege za Ujerumani ziliipiga bandari ya London, na tangu hapo zikaendelea kuja kwa masiku 57 mfululizo. Wengi wa askari wale wa akiba hawakuwa wamepata kuuona moto mkubwa maishani mwao. Moto wao wa kwanza ukawa ule. Katika gati za Surrey ziliungua mbao zilizopangwa kama vilima. Zikimwagiwa maji na kuzimwa, zilikauka kwa joto la jirani zao zikawaka tena. Boti za zimamoto zilizopita ng'ambo ya pili ya mto zilibabuka rangi ubavuni. Yaliungua maghala ya sukari, ikayeyuka ikamwagika ikawaka juu ya maji. Iliungua mipira, ukatoka moshi mweusi wa kuziba pumzi. Na iliungua pilipili manga, bidhaa tuijuayo sana sisi watu wa visiwani. Mwenye kukaanga pilipili jikoni na mlango umefungwa anajua adhabu yake. Basi na awaze ghala zima likiwaka, na mtu amesimama mbele yake na mpira wa maji mkononi, hawezi kuuacha, na kila akivuta pumzi ni kama anauvuta moto wenyewe.

Usiku wa tarehe 29 Disemba 1940 mabomu ya moto yaliangukia kitovu cha mji. Mto Thames ulikuwa umekupwa, na mabomba makuu ya maji yamepasuliwa, hata askari wakawa wameshika mipira isiyotoa kitu. Kanisa kuu la St Paul's lilisalimika, na mitaa iliyolizunguka ikateketea. Katika London peke yake wazima moto zaidi ya 300 walikufa katika miaka ile ya vita. Wale waliokuwa wakiitwa wavivu wakawa wanapigiwa makofi wanapopita njiani na nyuso zao zimejaa masizi.

Lakini makofi hayamlishi mtu, na hapa ndipo tunapomwona Horner katika kazi yake. Askari wa akiba alikuwa kazini saa 48, kisha akipumzika 24, kisha akirudi tena. Akiumia kazini alilipwa kwa wiki chache tu, na baada ya hapo alitolewa kazini, aende na majeraha yake. Taifa lilimsifu alipokuwa mzima, likamsahau alipolala hospitali. Horner na wenzake walilishika jambo hili, wakaandika, wakasema, wakaenda mbele ya mawaziri, mpaka ule muda wa malipo ukaongezwa. Aidha walidai kwamba zimamoto ya nchi nzima iwe moja, maana miji ya Uingereza ilikuwa na vikosi zaidi ya 1,600 mbali mbali. Mji ulipounguzwa, wa jirani walikuja kusaidia, wakakuta viungo vya mipira yao havishikani na vya wenyeji. Agosti 1941 serikali ikaviunganisha vyote kuwa zimamoto moja, na baada ya vita, mwaka 1948, vikarejeshwa chini ya mabaraza ya wilaya na miji.

Jambo la pili tunalotaka kulikumbuka ni la Novemba 1951. Askari wa zimamoto walikuwa wakidai walipwe sawa na polisi, wakakataliwa. Sasa mzima moto atagoma vipi? Mwenye kiwanda akigomewa, hasara ni yake mwenyewe. Zimamoto ikigoma, ataungua mtoto wa maskini ambaye hakumdhulumu mtu. Basi wao walitafuta njia ya katikati. Kwa muda wa saa 48 walikataa kusugua, kupiga deki na gwaride, lakini kengele ya moto ilipolia walikwenda. Juu ya hivyo, wengi walishtakiwa kwa kuvunja nidhamu, na lile dai lao halikupatikana wakati ule. Ila hakuna aliyeweza kusimama akasema kwamba nyumba yake imeachwa iteketee kwa sababu ya mishahara yao. Mgomo mkamilifu wa nchi nzima haukuja mpaka mwaka 1977, Horner akiwa amekwisha ondoka zamani katika ukatibu.

Jambo la tatu ni zito kulisema mbele ya wanachama, lakini kulificha itakuwa khiyana. Horner aliingia katika Chama cha Kikomunisti mwaka 1945. Mwaka 1956 majeshi ya Kisovieti yaliingia Hungaria na kuwapiga watu waliosimama kudai uhuru wao, na wafanyakazi wa viwandani walikuwa miongoni mwao. Horner akatoka katika chama kile. Hatusemi haya ili kufundisha watu kuhama. Yuko mtu anayehama kwa sababu ya cheo au bahasha, na huyo tunamjua, hahitaji kuelezwa. Horner hakuhama kufuata mshahara. Aliendelea na kazi yake ile ile, na watu wake wale wale, kwa miaka minane mingine. Alichokikataa ni kuambiwa ayaite mema yale ambayo angeyaita dhulma yangefanywa na adui. Chama chochote kinachotaka kudumu, na chetu kimo, lazima kiwe na watu wa namna hii na kiwasikilize kabla hawajafika mlangoni.

Mwaka 1964 aliuacha ukatibu, akachaguliwa kuwa mbunge wa chama cha Labour katika jimbo la Oldbury na Halesowen. Mwaka 1970 alishindwa katika uchaguzi, akaondoka katika siasa za Bunge. Tangu hapo mpaka kufa kwake alikuwa mzee mstaafu. Alijaaliwa kuishi hata kuuona mwaka 1991, ulipofunuliwa karibu na lile kanisa la St Paul's mnara wa ukumbusho wa wazima moto wa wakati wa vita.

Sasa, ndugu zetu, turudi kwetu. Katika matawi yetu hutokea mtu akaja na kadi mpya, na jambo la kwanza anaulizwa jana alikuwa wapi. Hukalishwa nyuma, na chai ikimfikia imekwisha poa. Tumeliona hili kwa macho yetu, na baadhi yetu tumelifanya. Tukumbuke kwamba waliozima moto wa London, wengi wao walikuwa wageni wa juzi.

Na tuna jingine, ambalo sisi wenye maduka tunaliona kuliko wengine, kwa kuwa tunalo daftari la deni. Mwanachama akipoteza kazi yake kwa ajili ya msimamo wake, mwezi wa kwanza watu humwulizia, humsifu, na wengine humlipia. Mwezi wa pili wanapungua. Mwezi wa tatu mkewe hutuma mtoto dukani kukopa unga, na mtoto husimama pembeni akingoja wateja watoke, kwa haya. Hapo ndipo tunapowafanana wale waliopiga makofi njiani. Hatuwezi kuidai serikali iwatunze watu, ilhali sisi wenyewe hatujui katika nyumba ya mwenzetu jiko limewashwa au halikuwashwa.

Basi ombi letu ni moja, nalo si kubwa. Kabla ya mkutano ujao, Katibu wa tawi aandike majina ya walioumia kwa ajili ya chama hiki, na kila jina lipewe watu wawili wa kulitazama kila mwezi, si mwezi wa kwanza tu. Sisi kwa upande wetu tumekwisha anza: majina matatu yaliyomo katika daftari letu tumeyapigia mstari, na deni lao limesamehewa.