JINSI VILIMA VYA CHYULU VILIVYOKUA
Hotuba kwa wakazi wa Magongo, Mombasa



Tangu mwaka 1957 maji ya chemchemi ya Mzima yamekuwa yakiletwa Mombasa kwa bomba lenye urefu wa yapata kilometa 220. Twayanywa, twayapikia, twatawadhia. Lakini ni wachache wajuao kwamba maji hayo twayapata kwa sababu ya moto. Mzima hulishwa na vilima vya Chyulu, ambavyo msafiri aendaye Nairobi huviona mkono wa kushoto apitapo upande wa Mtito Andei. Vilima hivyo, mamia kwa idadi, vilijengwa na zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto na kutoka chini ya ardhi.

Je, vilizuka kwa siku moja? La, hasha. Mawe ya upande wa kaskazini-magharibi yana umri wa kadiri ya miaka 1,400,000. Kadiri uendavyo kusini-mashariki, ndivyo mawe yanavyozidi kuwa machanga. Basi moto ule ulikuwa ukihama, na kila ulipotua ulijenga kilima kipya.

Pengine mtauliza, umri wa jiwe hujulikanaje? Ndani ya zaha mna madini ya potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka polepole mno kuwa hewa iitwayo argoni. Zaha inapokuwa bado majimaji, hewa hiyo hutoroka. Ikiisha kuganda, hewa hunaswa ndani. Ni kama mtungi mtupu uliowekwa chini ya mfereji unaodondoka: ukiijua kasi ya matone na ukiyapima maji, utajua mtungi uliwekwa lini. Lakini kwa zaha changa sana matone huwa machache mno kupimika. Hapo wataalamu hutafuta makaa ya miti iliyounguzwa na zaha, wakapima kaboni iliyosalia ndani yake. Njia hii hufaa kwa miaka isiyozidi 50,000 hivi.

Zaha iliyo changa kabisa haihitaji vipimo vingi. Katika Mbuga ya Tsavo Magharibi kuna uwanda wa mawe meusi uitwao Shetani, kwani watu walioona moto ukitoka ardhini walidhani ni shetani aliyetokea. Jambo hilo hukadiriwa kuwa lilitukia katikati ya karne ya 19. Wakati huo Ngome ya Yesu hapa Mombasa ilikuwa imekwisha kusimama zaidi ya miaka 250.

Kwa hiyo yatupasa kufahamu mambo mawili. Kwanza, Chyulu imelala, haikufa. Miaka isiyofika 200 ni kama usingizi mfupi kwa mlima wenye umri huo. Sisi wa Magongo tuko mbali na moto wake, wala hatuna sababu ya kuingiwa na hofu.

Pili, uchanga wa mawe hayo ndio riziki yetu. Yana matundu na nyufa tele, hata juu ya vilima hakuna mto udumuo mwaka mzima. Mvua na ukungu unaonaswa na msitu huzama ndani, maji yakachujika, yakatokeza chini kule Mzima. Msitu ukikatwa au kuchomwa, ardhi hukauka na chemchemi hupungukiwa.

Basi, ndugu zangu, moto ulifanya kazi miaka zaidi ya milioni moja kutengeneza hazina hiyo. Panga na kiberiti vyaweza kuiharibu katika umri wa mtu mmoja. Aukataye msitu wa Chyulu apunguza maji katika mtungi wa Magongo.