Fizi Zinazotoka Damu
(Hotuba ya daktari wa meno, mwanafunzi wa zamani, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Kamati imenipangia kuzungumza habari za kinywa kabla ya chakula. Nadhani wamefanya makusudi ili nyama ibaki.

Naona mvi nyingi humu ukumbini. Kwa umri wetu, meno mengi hung'oka kwa sababu ya fizi, na ugonjwa huu kwa kawaida hauumi. Huanza na utando laini wa vijidudu penye mpaka wa jino na ufizi. Usipoondolewa hugeuka ukoga mgumu kama chokaa, ambao mswaki hauutoi tena. Mwili nao hupeleka jeshi lake pale, na fizi huvimba, huwa nyekundu, hutoka damu. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake kule Denmark walitangaza habari za watu 12 wenye fizi nzima walioacha kupiga mswaki kwa makusudi. Kabla ya majuma matatu kupita fizi za wote zilikuwa zimevimba. Waliporudia mswaki zikapona baada ya siku chache tu.

Vita hivyo visipokoma, hula mfupa unaoshika jino, na mfupa uliokwisha haurudi wenyewe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 1 wamefikia hatua hiyo kali.

Sasa nije kwenye kisukari, maana najua tunacho humu. Sukari ikizidi katika damu, fizi huoza upesi. Fizi zilizovimba nazo humwaga katika damu kemikali zinazoidhoofisha insulini, na sukari hupanda tena. Basi maradhi haya mawili yanalishana. Wagonjwa wa kisukari wakisafishwa ukoga mpaka chini ya fizi, kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu hushuka kwa wastani wa kama asilimia 0.4. Dawa za kisukari haziachwi kwa ajili hiyo, lakini faida hiyo si haba.

Kuhusu moyo nitasema kwa uangalifu. Wenye fizi mbovu huonekana kuugua moyo zaidi, ila haijathibitishwa kwamba kutibu fizi kunazuia ugonjwa wa moyo. Zamani, baada ya hotuba ya William Hunter huko Montreal mwaka 1910, madaktari wengi waling'oa meno ya watu ovyo wakitumaini kuponya hata baridi yabisi. Akikushauri mtu hivyo leo, mkimbie.

Na ninyi mlioanza sigara nyuma ya bweni, msijisifu kwamba hamtoki damu. Tumbaku huificha hiyo dalili, na mfupa unaendelea kuliwa.

Nimekuja na kioo changu na tochi. Baada ya chai nitakaa pale chini ya mwembe, na wenye kisukari watangulie.