Matumaini ya Mkulima wa Kitunguu



Anayetoka Morogoro kwenda Iringa hupita bonde la mibuyu, na kabla hajaanza kupanda mlima wa Kitonga hufika Ruaha Mbuyuni, kata ya Wilaya ya Kilolo iliyo kando ya Mto Ruaha Mkuu. Vitunguu vinauzwa palepale barabarani, na abiria hununua bila kumfikiria sana aliyevilima. Leo tumfikirie, maana anafaa kutusaidia kujibu swali letu: kutazamia mema kunamfaa nini mtu aliyebanwa na maisha? Mkulima huyu hununua mbegu na mbolea, husia kitalu, na baada ya wiki kama sita huhamisha miche kwa mkono, mche baada ya mche. Kisha husubiri miezi mitatu au zaidi. Siku anayotoa fedha hajui atakuta bei gani siku ya kung'oa. Angengoja uhakika, asingelima kabisa, na mwaka wa bei nzuri ungemkuta hana hata gunia moja.

Lipo pingamizi, nalo si jepesi: matumaini hayohayo ndiyo yanayomfilisi. Bei ikipanda msimu huu, msimu ujao kila mtu anaongeza shamba, vitunguu vinakomaa kwa pamoja, na dalali anakuja na bei yake mfukoni. Aliyekopa kwa kuangalia bei ya mwaka jana anabaki na deni. Nusu ya pingamizi hili naikubali. Mwaka 1991 wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walichapisha utafiti juu ya wanawake waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito. Waliotarajia kwamba wangefaulu walipungua zaidi; waliojifurahisha kwa njozi za mafanikio walipungua kidogo. Vivyo hivyo, anayejihesabia nyumba ya bati wakati miche bado iko kitaluni hafanani na yule anayeamini kwamba akipalilia, akamwagilia kwa wakati na akaanika vitunguu vizuri ili vihifadhike, atapata kitu. Bei ikianguka wote wawili wataumia. Ila huyu wa pili atakuwa na la kubadilisha msimu ujao, na mimi namtetea yeye.

Matumaini ya huyu wa pili yanatoka wapi? Wauza vitabu vya hamasa hutuambia yanatoka moyoni: jiamini tu. Sikubaliani nao. Mwaka 1967, nchini Marekani, Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio ya mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia. Baadaye walipowekwa mahali ambapo wangeweza kuziepuka, wengi hawakujaribu hata kutoka. Kwa miongo kadhaa ikaelezwa kwamba wanyama wale walikuwa wamejifunza kukata tamaa. Kisha mwaka 2016 watafiti haohao, kwa ushahidi mpya wa utendaji wa ubongo, wakageuza maelezo yao (na si kila msomi huthubutu kugeuza jambo lililompa jina). Kulegea mbele ya mateso ya muda mrefu, walisema, ndiyo hali ya asili. Kinachojifunzwa ni kwamba tendo lako linaweza kubadilisha kitu. Kama ni hivyo, aliyekata tamaa hana upungufu wa roho. Amekosa nafasi ya kuona jitihada yake ikizaa.

Mkoa wa Iringa una ushahidi mzito kuliko wa maabara. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008 ulikuta asilimia 15.7 ya watu wazima mkoani, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake, wanaishi na virusi vya UKIMWI, huku wastani wa nchi ukiwa 5.7. Kabla dawa hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, aliyekwepa kupima hakuwa mjinga: majibu yangempa hofu na unyanyapaa, na hakuna la kufanya. Dawa zilipofika, kupima kukawa mwanzo wa matibabu. Mahubiri ya kutokata tamaa yalikuwepo tangu zamani. Kilichoongezeka ni kidonge.

Hapo tunakutana na pingamizi la pili, kwamba kumhimiza maskini atumaini ni kumfunika macho asiwadai wenye mamlaka. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2001, jijini London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba hadi mwaka 2010 ungetiririka mwaka mzima. Mwaka huo ulifika, ukapita, na mto ukaendelea kukauka. Lakini hoja yangu haimpi kiongozi upenyo wa kujificha. Ikiwa matumaini hukua pale tendo linapozaa, basi anayewaomba wananchi wawe nayo anadaiwa vitendea kazi vyake: zamu ya maji isiyorukwa na mwenye nguvu, ghala linalopitisha hewa ili mtu asilazimike kuuza wiki ya mavuno, na mizani. Lumbesa, yaani kujaza gunia kupita kipimo, imekatazwa kisheria, lakini mkulima anayejaziwa gunia hadi lishonewe kilemba hulipwa gunia moja tu, hata kama amelima kwa ustadi kumzidi jirani yake. Mtu huyo hakosi moyo wa kutumaini. Anakosa kipimo cha kumwonyesha kwamba ustadi wake umelipwa, na kipimo hicho kinaweza kufikishwa shambani kwake msimu huu.