Hatuchumi, tunaokota: fisali katika bustani ya nyumbani

Leo tunazungumza juu ya tunda dogo la rangi ya dhahabu, linalokaa ndani ya kifuko chembamba kama karatasi. Uganda wanaliita ntuntunu, Rwanda wanaliita intumbaswa. Huenda ulilila utotoni, pembeni mwa shamba la wazazi. Leo tutaliita fisali.

Kwa nini fisali? Kwanza, haihitaji eneo kubwa. Gunia moja la udongo mbele ya nyumba linatosha mche mmoja. Pili, tunda hili lina vitamini A na C, ambazo ni haba katika unga na maharage ya mgao.

Anza na tunda moja lililoiva. Liponde ndani ya kikombe cha maji, osha mbegu, kisha uzianike kivulini juu ya kitambaa. Utapata mbegu nyingi, nawe mgawie jirani. Zisie kwenye kopo lililotobolewa chini, uzifunike kwa udongo kidogo sana, na umwagilie taratibu. Zitaota baada ya wiki mbili au tatu. Miche ikifikia urefu wa kiganja, ihamishe, ukiacha mita 1 kati ya mche na mche. Usiipande mahali ulipovuna nyanya au viazi ulaya, kwa maana ni mimea ya ukoo mmoja na huambukizana magonjwa. Samadi iwe ya kiasi. Ikizidi, utavuna majani badala ya matunda. Maji nayo yasituame.

Matunda huanza kuiva miezi mitatu hadi minne baada ya kuhamisha miche. Hapa nisikilize vizuri, mama, baba, nawe dada au kaka unayebaki na wadogo nyumbani. Fisali ya kijani ina sumu. Inaweza kuleta maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara. Majani yake pia usiyapike kama mboga. Mtoto mwenye njaa akiona tunda, hangoji. Kwa hiyo wafundishe watoto maneno haya mawili: hatuchumi, tunaokota. Fisali iliyoiva hudondoka yenyewe. Kifuko chake kimekauka, na ndani tunda lina rangi ya dhahabu. Ikiwa upepo umeliangusha likiwa bado na ukijani, liache ndani ya kifuko chake siku kadhaa mpaka ligeuke rangi. Na mtoto akila mabichi akaanza kutapika, mpeleke zahanati mara moja.

Okota kila asubuhi. Usiyamenye. Yaweke kwenye kikapu, mahali pakavu penye hewa, yatakaa wiki kadhaa bila kuoza. Hiyo ndiyo faida kubwa kwako usiye na friji: unaweza kukusanya kidogo kidogo hadi siku ya soko. Mengine wape watoto, au yapike na sukari upate jemu ya kupaka mkate au chapati.

Na tunda zuri kuliko yote usilile wala usiliuze. Hilo ni mbegu ya msimu ujao.