Barua ni Nusu ya Kuonana

(Maneno yaliyosemwa mbele ya jamaa msikitini baada ya swala ya Ijumaa)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo linalogusa karibu kila nyumba katika miji yetu, nalo ni mawasiliano baina ya mtu aliyesafiri nchi za mbali na wale aliowaacha nyumbani. Ni vigumu kuupata mtaa usiokuwa na kijana aliyekwenda Maskati au Dubai kutafuta riziki, mwanafunzi aliyeko Madina, mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou kununua bidhaa, au jamaa aliyehamia London au Toronto. Wote hawa wameondoka kwa dua za wazee wao. Baadhi yao sauti zao husikika nyumbani kila wiki. Wengine wamenyamaza, na mama zao huuliza habari zao kwa kila mgeni atokaye huko.

Kuunga jamaa ni amri katika dini yetu, na kuwakata ni dhambi kubwa. Safari haiifuti amri hiyo. Msafiri amepunguziwa rakaa za swala, na ameruhusiwa kufungua saumu akailipa baadaye, lakini hakuna ruhusa aliyopewa ya kuwasahau wazazi wake. Wahenga wetu nao walilijua jambo hili waliposema kwamba barua ni nusu ya kuonana. Asiyeweza kufika kwa miguu yake na afike kwa maneno yake.

Ndugu zangu, tutazame kwanza hali ya waliotutangulia, ili tuijue neema tuliyo nayo. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta aliondoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, akawaacha baba na mama wakiwa hai. Katika safari zake alifika hata pwani yetu, Mombasa na Kilwa, mwaka 1331. Aliporudi Damascus mwaka 1348 ndipo alipoambiwa kwamba baba yake amefariki miaka 15 nyuma. Akauliza habari za mwanawe aliyezaliwa katika mji huo baada ya yeye kuondoka, akajibiwa kwamba mtoto naye alikwisha kufa miaka 12 iliyopita. Na alipokuwa njiani kurejea kwao mwaka 1349, akapata habari kwamba mama yake amechukuliwa na tauni. Alifika Tangier kuzuru kaburi.

Hapa pwani kwetu barua ilifuata pepo. Majahazi yalishuka kutoka Arabuni kwa kaskazi, kuanzia mwezi wa Desemba, yakarudi kwa kusi kuanzia Aprili. Aliyekosa chombo cha mwisho cha msimu alilazimika kungoja msimu mwingine, na mzee aliyekuwa akingojea habari alihesabu pepo kama tunavyohesabu siku. Mwaka 1879 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, na habari za serikali na za matajiri zikaanza kufika kwa muda mfupi. Mtu wa kawaida alibaki na barua yake. Baadaye zikaja barua za ndege zilizoandikwa kwa herufi ndogo ndogo ili karatasi itoshe, kisha kadi za simu za kukwangua. Mwezi wa Julai mwaka 2009 waya wa SEACOM ulianza kazi pwani ya Afrika Mashariki, nyingine zikaufuata, na leo mjukuu aliyeko Ulaya anaweza kumtazama bibi yake usoni naye yumo jikoni anakuna nazi.

Ikiwa njia zimefunguka kiasi hiki, kwa nini bado wapo walionyamaza? Sisi tumesikiliza malalamiko ya pande zote mbili, na tumeona kwamba mara nyingi sababu ni haya na kuogopana. Bei ya simu haihusiki sana.

Tuanze na upande wa msafiri. Huyu ameondoka huku watu wakimtazamia mengi. Pengine shamba liliuzwa ili apate nauli. Amefika, na kazi aliyoahidiwa hakuipata, au ameipata kwa ujira mdogo kuliko ule alioambiwa. Anajua kwamba mkono mtupu haulambwi. Basi anajiambia, nitapiga simu nikishapata kitu. Mwezi unapita, na mwezi wa pili, na haya inazidi. Sasa anaona aibu kwa sababu hana fedha, na anaona aibu kwa sababu amekaa kimya. Ukimya huanza kwa siku chache, kisha huwa miaka.

Upande wa nyumbani nao una lake. Msafiri apigapo simu, kabla hajamaliza kusalimu, anaambiwa ada ya shule, bati la nyumba, deni la dukani na harusi ya binamu. Haja hizi ni za kweli. Lakini mtu ambaye kila akisikia sauti ya nyumbani anasikia dai, mwisho wake ataiogopa sauti hiyo. Zamani fedha ilikuja pamoja na maneno. Mtu aliyekuwa akirudi likizo alikabidhiwa bahasha, na ndani mkiwa na noti na karatasi ya salamu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na huduma kama hizo zikaenea katika nchi zetu, fedha hufika peke yake na ujumbe ulioandikwa na mashine. Ni faraja kubwa, lakini tusidhani kwamba aliyetuma fedha amekwisha salimia, wala aliyepokea asidhani kwamba amekwisha shukuru.

Jambo zito zaidi ni kufichana. Msafiri anaficha dhiki yake ili wazee wasisikitike. Nyumbani nao wanaficha maradhi ya wazee ili msafiri asishtuke huko aliko. Kila upande unaona kwamba unamhurumia mwenziwe. Matokeo yake ni kwamba mtu anaambiwa kila juma kwamba mama hajambo, kisha siku moja anaambiwa kwamba mama amezikwa. Angalijua mapema, pengine angalikopa nauli akaja, au angaliomba radhi na kupewa. Ibn Battuta alitenganishwa na wazazi wake na bahari na majangwa. Mtu wa leo mwenye simu mfukoni, akifikwa na hali ile ile, ametenganishwa na nini? Ametenganishwa na maneno ambayo hayakusemwa.

Hivyo basi, tunawasihi wale wanaojiandaa kusafiri, na wale wanaowaaga, wakae pamoja kabla ya siku ya safari na wakubaliane mambo yafuatayo.

Kwanza, wapange siku na saa. Ahadi ya kwamba tutapigiana haina siku, na kisicho na siku huahirishwa. Wazingatie tofauti ya saa. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto. Toronto iko nyuma kwa saa nane au saba. Maskati iko mbele kwa saa moja, na Guangzhou kwa saa tano. Mama anayempigia mwanawe Toronto saa mbili ya asubuhi anamwamsha usiku wa manane, kisha anahuzunika kuona mwana hakuchangamka.

Pili, wakubaliane kuambiana kweli. Msafiri apate ahadi kwamba hatafichwa maradhi ya mzazi, naye aahidi kupiga simu hata katika mwezi ambao hana cha kutuma. Tunawaomba wazee waitamke ahadi hii wao wenyewe, wamwambie kijana: mwanangu, ukikosa fedha tupe sauti. Neno hili likitoka kinywani mwa baba au mama humwondolea mtu mzigo mkubwa. Aidha, iwekwe desturi kwamba simu ya kwanza ya juma ni ya salamu tupu, na haja zisubiri simu nyingine.

Tatu, namba muhimu ziandikwe katika karatasi. Anayepoteza simu asipoteze na watu wake. Hili linawahusu hasa mabinti zetu wanaokwenda nchi za Ghuba kwa kazi za nyumbani, kwa kuwa baadhi yao wamenyang'anywa simu na pasi na waajiri wao. Nakala ya pasi na ya mkataba, jina la mwajiri, mji na mtaa wa kazi, jina la wakala na namba ya ubalozi, vyote vibaki nyumbani kabla binti hajapanda ndege. Wakubaliane pia neno moja la kawaida ambalo akilitamka, watu wa nyumbani watajua kwamba yumo hatarini ingawa hawezi kusema. Akikosa kusikika katika siku iliyopangwa, na ikapita siku ya pili, watu waanze kuuliza, wasingoje miezi.

Nne, wasitegemee njia moja. Katika Falme za Kiarabu simu za WhatsApp zilizuiwa kwa miaka mingi, ilhali ujumbe wa maandishi na wa sauti ulipita. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari upande wa kusini, na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo ujumbe mfupi wa simu ya kawaida unaweza kutuliza moyo wa mtu.

Tano, habari zithibitishwe. Waislamu wa mwanzo waliohamia Habasha walifikiwa na uvumi kwamba watu wa Makka wamesilimu. Baadhi yao wakafunga safari kurudi, na walipoukaribia mji wakakuta kwamba habari haikuwa ya kweli. Leo uvumi hauhitaji hata jahazi. Mzee anapokea ujumbe kwamba mwanawe amekamatwa na fedha zitumwe upesi kwa namba fulani, naye anatuma kabla ya kuuliza. Neno la siri la familia, analoulizwa yeyote anayedai fedha kwa jina la msafiri, litawaokoa wengi.

Ndugu waumini, tusiwasahau marafiki. Rafiki wa kweli wa msafiri ni yule anayekwenda kumjulia hali mama wa mwenziwe, akakaa naye kwenye jamvi, kisha akampelekea msafiri habari kama alivyoziona kwa macho yake. Katika jamaa yetu wapo wazee ambao hawajui kutumia simu za kisasa, na wengine hawaoni vizuri kiasi cha kusoma maandishi. Kijana mmoja akijitolea baada ya Alasiri kumsaidia mzee kusikiliza ujumbe wa sauti wa mwanawe na kurekodi jibu lake, amefanya sadaka isiyomgharimu kitu. Na sharti lake ni moja tu: anayoyasikia humo ni amana, hayatoki nje.

Na kwa yule aliyekwisha kukaa kimya miaka mingi, akidhani kwamba amechelewa mno, tunasema hivi: tumefundishwa kwamba kuunga jamaa ni zaidi ya kulipa wema kwa wema, na kwamba sifa hasa ni ya yule anayeunga pale palipokatika. Asitafute maneno makubwa. Aseme, Assalaamu alaykum, ni mimi. Na watakaopokea simu hiyo wasianze kwa kumuuliza alikuwa wapi. Wamrudishie salamu, wamwite mama yake. Maswali yana siku zake. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na anayerejea kwa sauti leo ni rahisi kurejea kwa miguu kesho.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu nchi kavu na baharini, awape riziki ya halali, awaponye wazee wanaowangoja, na azijaalie nyumba zetu ziwe na watu wanaoambiana kweli kwa upole. Amin.

Wabillahi taufiq.