Pepo na Haki za Watu
Mhadhara wa Umma, Mwanza



 

Nimeombwa nizungumzie Pepo katika Uislamu na mwenendo unaomfikisha mja huko. Mada hii husikika mimbarini mara kwa mara, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kuizungumza saa nzima asiseme jambo. Sitawasimulia upya mito ya maziwa na asali. Watoto wa madrasa za Kirumba na Igoma wanaijua. Ninayo hoja moja tu. Kwa sisi tunaoswali na kufunga, hatari iliyo karibu zaidi ya kuikosa Pepo iko katika haki za watu, na kwa wakazi wa mwambao huu haki hizo ziko mwaloni samaki wanakoshushwa, kwenye nyavu na kwenye vyombo vya majini.

Habari za Akhera zilivyofika Ziwani

Mwaka 1844 mfanyabiashara aitwaye Ahmed bin Ibrahim alifika ikulu ya Kabaka Suuna II wa Buganda, kaskazini mwa Ziwa letu la Victoria. Alipita njia ya misafara, kutoka pwani hadi Unyanyembe, kisha Karagwe. Mapokeo ya Buganda yanasema alimkuta Kabaka akiamuru raia wauawe kwa wingi. Wageni wenzake walinyamaza, kila mmoja akiilinda shingo na biashara yake. Yeye akasimama, akamwambia mfalme kwamba watu hao wameumbwa na Mungu, yule yule aliyempa ufalme, na kwamba kuwaua bila haki ni dhambi kubwa. Kabaka alistaajabu kusikia kwamba yuko aliye mkubwa kuliko yeye.

Angalieni mpangilio wa mambo. Mafundisho juu ya Muumba na hukumu yake yalitangulia kusikika katika ikulu ile kama kemeo dhidi ya dhulma, kabla mtu hajafundishwa kutawadha. Wala tusipambe historia: misafara ya njia hiyo hiyo ilibeba pembe za ndovu na watumwa, na wako walioswali safu moja wakatoka hapo kwenda kuuza binadamu. Tangu siku za mwanzo, basi, Ziwa hili limeona watu wawili wakienda pamoja: mtu anayeifahamu Pepo akaitetea haki, na mtu anayeifahamu lakini anakula haki ya mwenzake.

Mwaka 1876 Kabaka Mutesa I, mwana wa Suuna, ambaye mwenyewe alikuwa amefunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, aliamuru vijana wa Kiislamu wauawe, wengine huko Namugongo. Miongoni mwa makosa yao ni kukataa nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa ikulu. Walikufa kwa ajili ya halali. Sisi leo tunauliza kwa makini nani kachinja, na tunafanya vyema kuuliza. Ila ni wachache wanaouliza fedha iliyonunua nyama ile imepatikanaje.

Mizani ya mwaloni

Dagaa wakavu wanaouzwa Mwaloni Kirumba wanakwenda mikoani, wanavuka hadi Rwanda, Burundi na Kongo. Mnunuzi wa mbali hawezi kupekua kila gunia. Ananunua kwa kuamini.

Imo katika Sahihi ya Muslim habari kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina, akaingiza mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakuta umajimaji. Muuzaji akaeleza kwamba nafaka ilinyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu wakaiona, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Muuza dagaa hahitaji tafsiri ya Hadithi hiyo. Anajua mvua ikikuta dagaa mchangani hubadilika rangi na harufu, anajua wanavyofichwa chini ya gunia na wale weupe kuwekwa juu, na anajua kwamba mchanga una uzito.

Qurani imetenga sura nzima, ya 83, ikaifungua kwa onyo kwa wapunjao: wanapopokea kwa watu hutaka kipimo kijae, na wanapowapimia wengine hupunguza. Tanzania tunalo jina la ndugu wa kosa hilo: lumbesa. Mnunuzi humtaka mkulima ajaze gunia hadi linaota kilemba, na bei ni ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wanalipiga vita kwa sheria ya nchi. Mwislamu alitakiwa awe ameliacha kabla mkaguzi hajafika, kwa sababu sura hiyo hiyo inauliza kama watu hao hawadhani kwamba watafufuliwa.

Nyavu za usiku

Katika Surat al-A'raf kuna kisa cha mji uliokuwa kando ya bahari. Wakazi wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na siku hiyo hiyo samaki walikuja juu wakionekana. Wafasiri wanaeleza hila yao: walitega kabla ya Sabato, wakaenda kutoa baada yake, wakajiona hawakuvunja sheria. Waligawanyika makundi matatu: waliovunja, waliokataza, na waliowaambia wakatazaji kwamba wanajisumbua bure.

Makundi hayo matatu yote yapo kwenye mialo yetu. Kokoro limepigwa marufuku, nyavu za timba zimepigwa marufuku, sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Ilipokuja Operesheni Sangara ya mwaka 2018, nyavu haramu ziliteketezwa kwa wingi, na wavuvi wengi walilalamika kwamba wanaonewa. Malalamiko hayo yasikilizwe; mtumishi anayemdhulumu mvuvi naye ana hesabu yake. Lakini anayesubiri doria ipite ndipo aingize kokoro kwenye mazalia anakula riziki ya watoto wa jirani yake na ya watoto wake mwenyewe. Na anayemwaga sumu majini analisha watu sumu. Hilo halisafishwi na sadaka ya Ijumaa.

Waliozama na waliowazamisha

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba kupitia Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Daraja la tatu halikuwa hata na orodha ya majina. Walikufa watu zaidi ya 800, na wengi wamelala Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Walikufa watu 228, wakaokolewa 41.

Misibani tulifarijiana kwa Hadithi sahihi kwamba aliyekufa maji ni shahidi. Faraja hiyo ni ya kweli. Wanazuoni wanamhesabu kuwa shahidi wa Akhera: anaoshwa, anakafiniwa na kuswaliwa kama maiti wengine, na malipo yake yako kwa Mola wake. Tunawaombea waliozama Pepo ya Firdausi.

Hata hivyo, shahada ya aliyezama haimfutii hesabu aliyemzamisha. Aliyeuza nafasi isiyokuwepo, aliyeona chombo kimejaa akaruhusu kamba ifunguliwe, hawezi kusema ni kadari akaondoka zake. Imesimuliwa katika Sahihi ya Muslim kwamba hata shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Ikiwa deni la fedha linamkabili shahidi, roho ya mtu itamkabilije aliyeihatarisha kwa ajili ya nauli?

Je, Pepo inanunuliwa?

Atainuka mtu aseme: sheikh, mbona Mtume ametufundisha kwamba hakuna atakayeingia Peponi kwa amali yake pekee, hata yeye, ila kwa rehema ya Mwenyezi Mungu? Ni kweli, na rehema hiyo ni pana: yuko aliyesamehewa kwa kuondoa tawi lililowaudhi wapita njia. Lakini Mtume huyo huyo aliwauliza masahaba kuhusu aliyefilisika, akawaeleza kwamba ni mtu atakayekuja na swala, saumu na zaka, ilhali alimtukana huyu, akala mali ya yule, akampiga mwingine. Mema yake yatagawiwa waliodhulumiwa hadi yaishe, kisha abebeshwe makosa yao. Rehema haiwapokonyi wanyonge haki yao ili mwenye nguvu aingie Peponi kwa wepesi.

Ndiyo maana toba ya haki za watu ina sharti la ziada. Kuacha kosa, kujuta na kuazimia kutorudia havitoshi. Lazima haki irudishwe. Mwenyewe akijulikana, arudishiwe au aombwe msamaha. Asipojulikana, kama wateja uliowapunja kwa miaka, wanazuoni wengi wanaelekeza mali hiyo itolewe sadaka kwa niaba yao.

Basi ninawaomba haya. Mwenye mizani airekebishe kabla ya kufungua biashara kesho. Mwenye gunia aweke juu kile kilicho chini. Mwenye wavu haramu auteketeze mwenyewe. Mwenye chombo ahesabu abiria, na abiria akiona kimejaa ashuke, hata kama harusi inamsubiri Ukerewe. Mwenye deni aliandike na alilipe. Na sisi wenye mimbari tuyaseme haya kwa majina yake, mbele ya matajiri wanaotujengea misikiti, kama Ahmed bin Ibrahim alivyoyasema mbele ya mfalme.