Daftari la Ijumaa

Somo: Kumbukumbu la Torati 6:4-9

Twajua ya kuwa wengine wenu saa hii mko jikoni mkichemsha chai, na wengine mnatafuta soksi moja iliyopotea ili mtoto asichelewe shule. Endeleeni na kazi yenu, lakini tegeni sikio, maana neno la leo lawahusu watoto hao hao.

Katika somo letu Musa anawaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao maagizo ya Mungu. Tazameni mahali anapopataja: nyumbani na njiani. Tena tazameni saa anazozitaja: ya kulala na ya kuamka. Hapo hamtaji kuhani, wala hamtaji mwalimu wa mshahara. Anasema na mzazi. Maneno haya sisi tulikuwa tumeyahubiri mara nyingi, hasa kwenye ubatizo. Lakini twakiri mbele yenu kwamba hatukuyaelewa sawasawa mpaka mwaka wa 2020.

Mwaka ule mnaukumbuka. Katikati ya mwezi wa Machi shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba. Wengine wote walikaa nyumbani mpaka tarehe 4 Januari 2021. Katika nyumba yetu ya kasisi, huku milimani Taita, tulikuwa na kijana wa darasa la saba na binti wa gredi ya tatu. Hawakuwamo kati ya wale waliorudi kwanza. Basi sisi wawili, kasisi na mkewe, tukawa walimu bila kusomea kazi hiyo na bila kuiomba.

Tulianza kwa moyo mkuu. Meza ya chakula ikawa darasa. Redio ilitusaidia, maana masomo yaliyotayarishwa na Taasisi ya Kukuza Mitaala yalitangazwa na KBC. Kisha tukanunua daftari kubwa, tukalipiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza ilikuwa ya somo, ya pili ya kazi iliyofanyika, na ya tatu ya kazi iliyobaki. Kila Ijumaa jioni, vyombo vikiisha kuoshwa, tuliketi wote pamoja na nyanya yao, tukaandika maendeleo ya juma lile.

Kurasa za kwanza zapendeza kuzisoma. Katika hesabu, kijana alijifunza asilimia kwa bei za dukani, na binti alijifunza kuzidisha kwa kupanga maharagwe mezani: mistari minne ya maharagwe sita sita, jumla 24. Katika sayansi tuliotesha mbegu katika pamba iliyoloweshwa. Juma la pili mharagwe ulifungua majani mawili, na muhindi ukachomoza jani moja lililochongoka kama mkuki. Mvua za masika tuliziopima kwa kopo na rula. Katika maarifa ya jamii tulipanda kilimani, tukawaonyesha watoto kilele cha Vuria nyuma yetu, na mbele yetu nyanda za Tsavo, na upande wa Voi inakopita reli itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Katika Kiswahili kijana aliandika insha mbili. Tulijiona tumeweza. Hata tulianza kufikiri kwamba walimu hulalamika bure.

Ndipo ikaja Ijumaa ya tatu.

Jioni ile tulimwomba binti atusomee ukurasa mmoja wa kitabu chake. Alisoma vizuri, kwa sauti nzuri, bila kusita. Mama yake akafunua ukurasa uliofuata kabla hajamaliza. Mtoto akaendelea kusoma maneno ya ukurasa uliokwisha kufungwa. Tulinyamaza. Tukafunua kitabu kingine, ambacho hajapata kukiona. Hakuweza kusoma hata mstari mmoja. Kumbe miaka yote ile alikuwa akisikiliza wenzake na kushika maneno kwa kichwa. Hakuna aliyejua: mwalimu mwenye watoto wengi hakujua, na sisi tulioishi naye nyumba moja hatukujua.

Wasikilizaji, lingefaa hapo tumshike mtoto mkono. Hatukufanya hivyo. Mmoja wetu, tena ni yule ambaye Jumapili huwahubiria wengine uvumilivu, alipandisha sauti mpaka majirani wakasikia. Alimwuliza mtoto kwa nini si kama kaka yake. Akachukua kalamu ya wino mwekundu, na katika safu ya kusoma akaandika neno moja: HAJUI. Mtoto aliweza kulisoma neno hilo. Labda ndilo neno la kwanza alilolisoma kweli kweli maishani mwake.

Majuma mawili yaliyofuata yalikuwa mabaya. Kila tulipofungua kitabu, mtoto aliumwa na tumbo. Hesabu aliyokuwa akiipenda nayo ikarudi nyuma. Tulipoongeza saa za kusoma, alizidi kukosea. Tulipopiga kelele, hata yale aliyoyajua yalimpotea. Usiku mmoja alimwuliza mama yake, "Mama, lile neno jekundu litafutwa lini?" Mama yake alikuja chumbani, akakaa kitandani, akalia. Wote wawili hatukupata usingizi.

Katika chuo cha theolojia tulikuwa tumesoma habari za Susanna Wesley, tukazijibu katika mtihani, tukazisahau. Usiku ule zilitujia tena. Susanna alikuwa mke wa kasisi wa Kianglikana huko Epworth, Uingereza. Alizaa watoto 19, na wengi wao walikufa wangali wachanga. Ndiye mama yake John Wesley, aliyezaliwa mwaka 1703, na Charles Wesley, aliyezaliwa mwaka 1707. Watoto wake aliwafundisha mwenyewe nyumbani, saa tatu asubuhi na saa tatu alasiri, na mtoto alianza kusoma alipotimiza miaka mitano. Tena hakukubali msichana atiwe katika kazi za mikono kabla hajajua kusoma vizuri, na hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 300 iliyopita. Alimtengea kila mtoto jioni moja katika juma, wakae wawili tu, wazungumze.

Hatusemi kwamba tuige kila alilofanya. Alikuwa mama mkali, na fimbo aliitumia. Lakini mwaka 1732 alimwandikia John barua akieleza namna alivyowafundisha, na humo mna neno lililotuchoma. Anasema watoto wake karibu wote walijua herufi zote kwa siku moja. Wasichana wawili tu walichukua siku moja na nusu, naye akawaona wazito wa akili. Kisha anaeleza sababu ya kuwaona hivyo: ni kwa kuwa alikuwa akiwapima kwa wenzao, hasa kwa kaka yao mkubwa, aliyejua herufi kwa saa chache. Mama yule alitambua ya kuwa kosa halikuwa katika wasichana. Lilikuwa katika kipimo.

Asubuhi tulimwita binti yetu. Tulimwomba msamaha. Si jambo jepesi, ndugu zangu, baba mwenye kola shingoni kumwomba msamaha mtoto wa miaka minane. Lakini tulifanya hivyo, na ukurasa wa wino mwekundu tukauchana mbele yake, tukautia motoni jikoni. Kisha mama yake alipiga mistari upya, na chini ya masomo ya watoto akaongeza mstari mmoja wa wazazi. Kila Ijumaa watoto nao watasema wazazi wameendeleaje. Juma lile kijana alituandikia: "Baba alipiga kelele Jumanne na Alhamisi." Ilikuwa kweli tupu.

Kazi ya kusoma tulimwachia nyanya. Mtashangaa, maana nyanya hakuwahi kwenda shule, wala hajui kusoma. Lakini Zaburi anazijua kwa moyo, kwa kuzisikia kanisani tangu ujana wake. Kila jioni alikaa na mjukuu wake karibu na moto, Biblia ya herufi kubwa magotini, mahali pa Zaburi ya 23. Nyanya alilitaja neno polepole, na mtoto alilitafuta kwa kidole. Alipokosea, hakuna aliyeguna, kwa kuwa nyanya hakuona. Alipopata, walifurahi wote wawili. Mstari mmoja kwa jioni moja. Kile alichokitumia mtoto kujificha, yaani kushika kwa kichwa, nyanya alikigeuza kikawa njia ya kutokea.

Basi daftari likaanza kusema maneno mengine. Juma la nane: "Kusoma: maneno kumi na moja." Juma la kumi na mbili: "Kusoma: sentensi tatu katika kitabu kipya." Hesabu: kugawanya kumeanza. Sayansi: maharagwe yaliyohamishiwa shambani yametoa maua. Kuandika: "Nyanya, herufi moja." Ndiyo, maana mwanafunzi naye alikuwa amekwisha kuwa mwalimu, akimfundisha nyanya yake kuandika jina. Haba na haba hujaza kibaba.

Ijumaa moja mwezi wa Septemba, kabla hatujaketi, tulifungua daftari tukakuta mstari wetu umekwisha kujazwa. Mwandiko ulikuwa wa kupanda na kushuka, na neno moja lilikuwa limekosewa likafutwa kwa mate. Uliandikwa hivi: "Baba hakupiga kelele juma hili." Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza aliyoitunga na kuiandika binti yetu peke yake, bila kuambiwa na mtu.

Sisi tulidhani tunashika hesabu za mtoto. Kumbe Mungu alikuwa akituonyesha zetu.

Ndugu msikilizaji, leo shule zimefunguliwa, na mtaala mpya wawataka wazazi washiriki masomo ya watoto. Lakini ripoti ya mwisho wa muhula ingali inaletwa nyumbani kwa hofu. Mtoto aweza kuibeba kama mtu abebaye hati ya mashtaka. Wewe mzazi waipokeaje? Zaburi ya 130 yatukumbusha ya kuwa kama Mungu angeshika hesabu ya makosa yetu, hakuna ambaye angesimama mbele zake. Tena tazama jinsi Bwana Yesu alivyowafundisha wanafunzi wake. Katika Marko sura ya tisa walikuwa wamekwisha kufundishwa mengi, na bado njiani walibishana nani aliye mkubwa. Hakuwafukuza. Aliketi chini, akawaita, akaanza tena somo lile lile, akamweka mtoto mdogo katikati yao.

Juma hili fanya mambo matatu. La kwanza, keti na mtoto wako jioni moja, ninyi wawili tu, kitabu ambacho hajakizoea kikiwa mbele yenu, umsikilize akisoma. Ukigundua ya kuwa hajui, mshukuru Mungu kwamba umegundua mapema, kisha uende ukamwone mwalimu wake kwa upole. La pili, usimpime kwa kaka yake wala kwa mtoto wa jirani. Mpime kwa alivyokuwa juma lililopita. La tatu, mpe ruhusa aseme na wewe umeendeleaje. Na kama wewe mwenyewe hukusoma, usijidharau. Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo, anaitaja imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na katika mama yake Eunike. Pale motoni huenda unalo somo ambalo shule haina.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyetuvumilia sisi wanafunzi wako wazito, twakushukuru kwa watoto uliotukabidhi. Tusamehe maneno makali tuliyoyaandika mioyoni mwao, na kwa rehema zako uyafute. Wabariki walimu wetu wenye madarasa makubwa. Mkumbuke kila mtoto ambaye asubuhi ya leo anakwenda shule akiificha aibu yake, umpe mtu wa kuketi naye. Utufundishe kufundisha kama ulivyotufundisha wewe, kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.